Kofia ya Gurudumu Ikianguka, Usianze kwa Kumtafuta Mwizi

Na Karani wa Afisi ya Kilimo

Katika skimu yetu upande wa Kinangop yuko mkulima mmoja mwenye Volkswagen ya mwaka 1966, ile ya umbo la kobe. Baba yake aliinunua mwaka 1969 kwa fedha za pareto, na alipofariki alimwachia mwanawe pamoja na shamba. Motokaa hiyo imebeba mbegu za viazi, imebeba wagonjwa usiku wa mvua, na imepeleka bibi arusi wengi kanisani. Hakuna mtu katika skimu asiyeijua sauti yake.

Mwaka jana, binti yake wa mwisho alipokaribia kuolewa, mzee huyu alitaka motokaa ipambwe. Alinunua mkebe wa rangi nyeupe, akavua magurudumu yote manne, akapaka ringi nje na ndani mara tatu. Zilipokauka aliyarudisha magurudumu mwenyewe. Kisha alizisugua zile kofia nne za chuma zinazofunika katikati ya magurudumu, mpaka mtu akaweza kuutazama uso wake humo. Arusi ilifanyika vizuri, na kila mtu aliisifu motokaa.

Juma moja baada ya arusi kofia moja haikuonekana. Siku nne baadaye ikapotea ya pili. Mzee hakuwa na shaka hata kidogo. Kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia kupakia mikebe ya maziwa ndiye aliyeiosha motokaa mara ya mwisho. Mzee alimwita mbele ya watu kwenye kituo cha maziwa, akamwuliza, "Kofia zangu umemwuzia nani?" Kijana aliapa kwamba hajui neno lolote. Hakuaminiwa. Siku ile ile alifukuzwa kazi, na jina la mwizi likamfuata njiani. Mama yake alikuja afisini kwetu akilia, akitaka tumwandikie barua ya kumpelekea chifu.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ukarani, na mzee huniita Mwalimu mpaka leo. Basi nilimwomba nafasi katika motokaa yake siku aliyokuwa akienda Naivasha, nikikusudia kuzungumza naye njiani juu ya kijana yule. Mbele tuliketi mimi na yeye. Nyuma waliketi mkewe na wajukuu wawili. Kofia mbili zilizobaki alikuwa amezifunga kwa waya, akaupitisha waya katika tundu za ringi na kuukaza kwa koleo. "Sasa mwizi atatoka jasho," aliniambia.

Hatujaenda mbali nilisikia sauti katika gurudumu la mbele upande wangu. Ilikuwa kri, kri, kri, na kila motokaa ilipoongeza mwendo sauti nayo iliongezeka.

"Mzee, ni nini hicho?"

"Ni jiwe tu, Mwalimu. Limeingia ndani ya kofia. Tutalitoa tukifika Naivasha."

Ninyi mnaoijua njia ile mnafahamu mteremko ulio mbele. Ukiisha kuanza kushuka, upande mmoja ni ukingo na upande mwingine ni bonde. Sikujua neno la ufundi, lakini nilisema, "Nakuomba, mzee, tulitoe hapa, kabla ya mteremko."

Hakupendezwa, ila alisimama. Alichukua koleo akakata waya. Kofia ikaanguka chini, na ndani yake hamkuwa na jiwe. Mlikuwa na bolti moja ya gurudumu. Bolti nne zilikuwa bado mahali pake, na mbili kati ya hizo mzee alizizungusha kwa vidole. Mkewe hakusema kitu. Aliwashika wajukuu mikono, akawashusha, akaenda kuketi nao kwenye nyasi mbali na barabara.

Fundi aliyeletwa kwa pikipiki alilivua gurudumu na kutuonyesha. Rangi ilikuwa nene kama ngozi mahali hasa bolti zinapokalia. Mzee alipozikaza, alizikaza juu ya rangi. Rangi ikasagika, nafasi ikabaki, na bolti zikalegea kidogo kidogo. Kisha fundi akagusa vile vishikizo vinavyoishika kofia. Navyo vilikuwa vimegandishwa na rangi ile ile, havirudi vikisukumwa. "Mzee," alisema fundi, "kofia zako hazikuibwa. Zilianguka zenyewe, na hii ya leo ingalianguka pia kama hukuifunga kwa waya. Ingalianguka, ungaliona bolti zimelegea."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Katika skimu zetu wako watu wengi wenye motokaa za zamani, za baba zao au walizonunua wenyewe, na wengi hulalamika juu ya kofia zinazopotea. Tutazame jambo hili kwa utaratibu.

KOFIA HII NI KITU GANI?

Zamani, kofia ya gurudumu haikuwa pambo. Katika magari ya kukokotwa na katika motokaa za kwanza, kama Ford ya Model T iliyotengenezwa tangu 1908 hata 1927, ilikuwa kikombe kidogo kilichofungwa kwa mizizi ya skrubu mwisho wa ekseli. Kazi yake ilikuwa kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Baadaye, ringi za chuma cha bamba zilipoenea katika miaka ya 1930, kofia ikawa bamba jepesi lililobanwa kwa springi kufunika bolti na katikati ya gurudumu. Kikombe cha grisi kilibaki ndani, chini ya kofia. Basi ni vitu viwili, na mtu asivichanganye. Kofia ikipotea motokaa huenda. Kikombe cha grisi kikipotea, vumbi la murram huingia katika beringi na kuziharibu.

Kofia hushikwa kwa njia tatu hasa:

1. Vishikizo vya chuma cha springi vilivyopigwa ribiti juu ya ringi. Ukingo wa kofia huingia juu yake na kubanwa. Volkswagen ya kobe ni ya namna hii.

2. Vinundu vilivyo kwenye ringi yenyewe. Hapa springi ni kofia, kwa maana ukingo wake hutanuka kidogo kupita vinundu, kisha hurudi.

3. Meno au vishikizo vilivyo nyuma ya kofia, vinavyouma ukingo wa ringi. Kofia kubwa zinazofunika gurudumu zima huwa hivi.

Kabla ya kutengeneza, tazama yako ni ya namna gani, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

KWA NINI INAANGUKA

Gurudumu halikai imara kama jiwe. Motokaa ikipinda kona au ikiangukia shimo, ringi hujipinda kidogo sana kisha hurudi. Jicho haliwezi kuona, lakini kofia huhisi. Kama vishikizo vina nguvu, hufuata mwendo huo. Kama vimechoka, kofia hutambaa nje kila mpindo, mpaka siku moja ikaruka. Ndiyo sababu kofia nyingi hupotea kwenye kona na mashimo, wala si mahali motokaa inapolazwa.

Vishikizo huchoka kwa kutu, kwa kuvunjika, kwa kupondwa na nyundo, au kwa kupakwa rangi. Matope nayo huleta taabu. Udongo wa kwetu huingia nyuma ya kofia wakati wa mvua, hukauka, na kuisukuma nje. Mara nyingine kofia yenyewe imepotoka ukingo kwa sababu mtu aliing'oa kwa jembe au kwa panga. Na mara nyingine ringi ndiyo iliyopinda, hivyo kofia haiwezi kukaa hata ukiipiga namna gani.

Kofia inayoruka ni bamba la chuma linalokwenda kwa mwendo wa motokaa. Linaweza kumkata mtoto anayetoka shule au ng'ombe kando ya njia. Kwa hiyo kulishika vizuri si mapambo tu.

BOLTI KWANZA, KOFIA BAADAYE

Kofia ikianguka, au ikianza kulia, jambo la kwanza ni bolti. Usiirudishe kabla ya kuzijaribu zote kwa spana. Ukisikia kitu kinagonga ndani ya kofia, simama mara moja mahali pa usalama na kuifungua. Huenda likawa jiwe, nalo halitakudhuru. Huenda ikawa bolti.

Mahali bolti inapokalia pawe chuma kitupu na kisafi. Ukipaka ringi rangi, ziba mahali hapo kwa karatasi ya gundi, na uso wa ringi unaogusa ngoma ya breki vilevile. Kama rangi imekwisha kupakwa, isugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane.

Bolti ziwe za motokaa hiyo. Za Volkswagen ya kobe zina kikalio cha mviringo kama mpira, na ringi yake imechongwa hivyo hivyo. Motokaa nyingine nyingi hutumia kikalio chembamba kama pia. Bolti ya pia katika shimo la mpira hugusa kidogo tu, na italegea hata ukiikaza kwa nguvu za watu wawili.

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Kisha zikaze kidogo kidogo kwa kuruka, kama mtu anayechora nyota, si kwa kufuatana. Teremsha jeki ndipo umalize kukaza, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa. Fundi mwenye spana ya kupimia nguvu atakufanyia kazi hiyo kwa dakika chache. Baada ya kwenda kilometa 50 hivi, zijaribu tena. Mzee wetu hakufanya hivyo, na wengi wetu hatufanyi.

Ukiwa bado umevua kofia, tazama vitu viwili zaidi. Katika magurudumu ya nyuma ya Volkswagen iko nati kubwa ya milimita 36 inayoshika ngoma kwenye ekseli, nayo ina pini ya kupasuliwa. Pini isipokuwapo, au nati ikionyesha kutu nyekundu ya kusagika, nenda kwa fundi, kwa kuwa nati hiyo hukazwa kwa nguvu nyingi kupita spana ya nyumbani. Katika gurudumu moja la mbele, waya wa spidomita hupita katikati ya kikombe cha grisi na kushikwa kwa pini ndogo. Usikivute kikombe hicho kabla ya kuitoa pini hiyo.

KUTENGENEZA VISHIKIZO

Sasa tuje kwenye kofia. Vifaa vinavyotakiwa ni brashi ya waya, koleo, nyundo ya mpira, kipande cha ubao na mafuta kidogo.

1. Safisha vishikizo vyote kwa brashi ya waya. Toa kutu, matope na rangi mpaka kishikizo kiweze kusukumwa kwa kidole gumba na kurudi chenyewe. Kisicharudi kimekufa.

2. Kama kishikizo kimelala, kivute kidogo kwa koleo kuelekea nje. Nasema kidogo, upana wa ukucha tu. Chuma cha springi hakipendi kupindwa mara nyingi. Ukikipinda mbele na nyuma kitakatika.

3. Vilinganishe vyote. Kimoja kikiwa juu na vingine chini, kofia itakaa upande na itaruka.

4. Kilichovunjika kibadilishwe. Fundi hutoboa ribiti ya zamani, huweka kishikizo kipya na kukipiga ribiti nyingine. Volkswagen ya kobe ilitengenezwa mpaka mwaka 2003 huko Mexico, na jumla yake ilipita milioni 21, kwa hiyo vipuri vidogo kama hivi bado hutengenezwa na huuzwa. Ni heri kununua vishikizo kuliko kununua kofia mpya kila mwaka.

5. Nyoosha ukingo wa kofia. Ilaze juu ya ubao, igonge polepole kwa nyundo ya mpira kutoka ndani. Nyundo ya chuma huacha alama na kutanua bamba.

6. Zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki na kulitazama kutoka upande. Likiyumba, ringi imepinda, na kazi hiyo ni ya fundi.

7. Paka vishikizo mafuta kidogo kwa kitambaa ili kuzuia kutu. Yasidondoke kwenye bolti wala breki.

Kama kofia inakaa lakini inalia, funga kishikizo kwa utepe wa umeme, au weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya kishikizo na kofia. Mpira huzuia kelele na huongeza mshiko. Wengine hutia matone machache ya gundi ya silikoni kwenye vishikizo. Hiyo pia yafaa, mradi yawe matone tu, ili kofia iweze kuvuliwa bila kupotoka.

KUIVUA NA KUIVISHA

Kofia nyingi huharibiwa wakati wa kuvuliwa. Volkswagen nyingi zilikuja na ndoano ya waya katika mfuko wa vyombo. Ndoano huingizwa kwenye ukingo wa kofia na kuvutwa kwa msaada wa spana. Kama huna, tumia bisibisi pana iliyofungwa kitambaa, na uizungushe kofia yote, ukiinua kidogo kila mahali. Usiinue mahali pamoja tu.

Wakati wa kuivisha, weka ukingo wa chini juu ya vishikizo viwili, ushike hapo kwa mkono mmoja, kisha piga ukingo wa juu kwa kiganja cha mkono au nyundo ya mpira mpaka usikie mlio wa kuingia. Usiipige katikati, na usiipige teke. Kisha ivute kwa vidole. Ikitoka kwa vidole, itatoka njiani.

Wenye kofia kubwa za kufunika gurudumu zima wana jambo moja la kuangalia zaidi. Kofia hizo zikilegea huzunguka polepole juu ya ringi, na tundu la valvu likazikata valvu za tyubu au tairi. Ukiona valvu imelala upande, usingoje.

JE, WAYA NI VIBAYA?

Watu wataniuliza hivyo. Waya au utepe wa plastiki unaweza kusaidia kwa safari moja ya njia mbaya, kama umejaribu bolti kwanza na kama waya haugusi valvu. Lakini waya wa kudumu una ubaya wake. Humfanya mtu asifungue kofia kwa miezi, na kofia ambayo haifunguliwi huficha mambo. Kama njia ni matope matupu, ni afadhali kuvua kofia zote nne, kuziweka nyumbani, na kuzirudisha siku ya kwenda kanisani. Volkswagen za namna hii zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Nguvu yao ilikuwa katika injini na magurudumu yaliyotunzwa, si katika kung'aa.

NENO KWA WENYE MIKOKOTENI

Asiye na motokaa asidhani kwamba haya hayamhusu. Mikokoteni mingi ya punda katika skimu hutumia ekseli na magurudumu ya motokaa kuukuu. Mingi haina vikombe vya grisi, na beringi zinakula vumbi. Mkebe mdogo uliokatwa na kubanwa vizuri mwisho wa ekseli, pamoja na grisi safi, utaongeza maisha ya beringi hizo. Na bolti za mkokoteni hulegea kama za motokaa. Zijaribu kabla ya kupakia magunia ya viazi.

KOFIA MBILI ZILIKUWA WAPI?

Juma lile lile watoto wachungao kondoo waliulizwa. Kofia moja waliionyesha katika mtaro kwenye kona ya mto, imejaa matope. Ya pili ilikuwa kwa jirani, kuku wakinywa maji ndani yake. Mama wa nyumba hiyo aliiokota barabarani na hakujua ni ya nani.

Mzee alizichukua zote mbili akaenda nazo kwenye kituo cha maziwa, saa ile ile ya asubuhi watu wanapokutana. Mimi nilikuwapo. Alimwita yule kijana mbele ya watu wale wale, akasema, "Nilikuita mwizi hapa, na hapa nasema nilikosa. Kofia zangu ziliangushwa na brashi yangu mwenyewe." Alimlipa siku zote alizokosa kazi na kumrudisha. Kijana alipokea, ingawa hakucheka siku ile. Jina baya halifutiki kwa siku moja kama rangi inavyosuguliwa kwa msasa.

Sasa kila Jumamosi kijana huyo ndiye anayevua kofia nne, kujaribu bolti zote ishirini kwa spana, na kuzirudisha kofia kwa kiganja. Mzee huketi kwenye kiti akihesabu pamoja naye. Kazi hiyo huchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Ndugu mkulima, fanya hivyo Jumamosi hii.